Namna ya kuusoma Paradise Lost mpaka mwisho na kuwajua waliomo

Wengi wanaoanza kusoma Paradise Lost, utenzi wa Kiingereza wa John Milton juu ya kuanguka kwa Adamu na Hawa, huishia kitabu cha pili, yaani sehemu ya pili kati ya kumi na mbili. Wanafika pale Shetani anapotoka kwenye lango la Jehanamu, hotuba zake zimeshawakolea, basi wanafunika na kwenda kuandika kwamba shujaa wa utenzi huu ni Shetani. Maandishi ya namna hiyo nimeyasahihisha miaka mingi nikiwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, kidato cha tano na cha sita, hapa Tanga. Bado nakutana nayo kwa vijana wanaokuja barazani kwangu Jumamosi tukasoma pamoja. Mwongozo huu nauandika kwa nia moja: ufike kitabu cha kumi, umwone Hawa akianguka miguuni pa mumewe na kusema maneno anayoyasema pale. Bila hapo hujausoma utenzi huu, hata kama unazijua hotuba za Shetani kwa moyo.

Kwanza ujue unachokishika. John Milton alizaliwa London mwaka 1608. Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, na Milton akaandika kutetea jambo hilo, kisha serikali mpya ikamwajiri kuandika barua zake za Kilatini za kwenda nchi za nje. Kufikia 1652 alikuwa haoni kabisa. Mwaka 1660 ufalme ukarudi, vitabu vyake vikachomwa hadharani, naye akafungwa kwa muda. Alinusurika kwa tundu la sindano, maana wenzake kadhaa wa upande ule waliuawa. Utenzi huu aliutunga kichwani, mara nyingi usiku, na kukicha akamsomea yeyote aliyekuwapo auandike. Ulichapwa mwaka 1667 ukiwa na vitabu kumi. Katika toleo la 1674, mwaka aliofariki, viwili kati ya vitabu hivyo viligawanywa, vikawa kumi na viwili. Mchapaji wake, Samuel Simmons, alimpa paundi 5 za kuanzia na ahadi ya paundi 5 nyingine nakala 1,300 za mwanzo zikiisha.

Tafuta basi nakala ya vitabu kumi na viwili yenye maelezo chini ya kila ukurasa. Maandishi matupu yapo bure kwenye intaneti, lakini bila maelezo utakwama kwenye majina. Milton alisoma Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kiitaliano, na anataja mambo ya huko kote. Usisimame kwa kila jina. Katika kitabu cha kwanza, chenye ile orodha ndefu ya miungu ya kale, shika majina manne tu: Beelzebub, Moloch, Belial na Mammon. Hao utawasikia tena wakihutubia. Mengine yaache yapite.

Kabla ya kila kitabu utakuta muhtasari mfupi wa nathari. Wanafunzi wengine huuruka wakidhani kuusoma ni kuiba. Usome. Haukuwamo mwanzoni, uliongezwa mwaka 1668 kwa sababu wasomaji wenyewe wa wakati ule waliuomba. Kama Waingereza wa enzi zake walihitaji kuonyeshwa njia, sisi tuna haki hiyo zaidi.

Sasa usomaji wenyewe. Soma kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani. Utenzi una mistari zaidi ya 10,000, kila mstari una mizani kumi, na hauna vina. Sisi tuliokulia kwenye tenzi zetu, mizani nane kwa kipande na kina cha bahari kinachotufungia kila ubeti, tuna mazoea ya kupumzika mwisho wa mstari. Hapa ukipumzika mwisho wa mstari maana inakatika. Pumua kwenye alama za uakifishaji, si kwenye ukingo wa mstari. Sentensi ya kwanza kabisa ina mistari 16, na kitenzi chake kikuu, kile cha kumwomba Mungu wa Kike wa ushairi aimbe, kinakuja mstari wa sita. Mistari mitano nzima inataja kwanza kitakachoimbwa: kuasi kwa mtu wa kwanza, tunda, kifo, kupotea kwa Edeni, na mtu mmoja mkuu zaidi atakayeturudisha. Kwa hiyo shika penseli. Tafuta kitenzi kikuu, kipigie mstari, tafuta mtendaji, kisha rudi mwanzo usome sentensi yote kwa mfululizo. Ukifanya hivyo kwa kurasa chache za mwanzo, sikio litazoea na penseli utaiweka kando.

Utaona pia kwamba anaanza kwa dua, kama watunzi wetu wanavyoanza kwa kumhimidi Mola kabla hawajamtaja shujaa. Milton anaomba mara nne: mwanzo wa kitabu cha kwanza, cha tatu, cha saba na cha tisa. Ile ya kitabu cha tatu isome polepole sana. Ni sala kwa nuru, na anayeiomba ni kipofu. Anasema majira yanarudi kila mwaka, lakini kwake mchana haurudi, wala jioni tamu, wala maua ya kiangazi, wala makundi ya mifugo, wala uso wa mwanadamu. Kisha anaomba nuru iangaze ndani badala yake. Sijui sehemu nyingine katika kitabu chote ambapo Milton mwenyewe anajitokeza karibu hivyo.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni huu, na walimu wengine watanipinga: usianze na kitabu cha kwanza. Anza na cha tisa na cha kumi. Cha tisa ndicho kirefu kuliko vyote, mistari 1,189, lakini hadithi yake unaijua tangu utotoni, na nyoka, mwanamke, tunda na mwanamume havihitaji maelezo. Cha kumi kinaonyesha yaliyofuata. Ukishavisoma hivyo, rudi cha kwanza mpaka cha nne, utamsikiliza Shetani ukiwa umeshajua anakoelekea. Halafu cha tano mpaka cha nane, ambamo malaika Rafaeli anakaa na Adamu na kumsimulia vita vya mbinguni na uumbaji. Mwisho cha kumi na moja na kumi na mbili. Mzunguko wa pili ndio uende kwa mpangilio wa kitabu.

Hapo unahitaji karatasi moja ya kuchorea matukio, kwa sababu Milton anaanzia katikati. Kwa mfuatano wa wakati, jambo la kwanza limo katika kitabu cha tano: Baba anawatangazia malaika wote kwamba Mwana ndiye kichwa chao. Usiku huohuo Shetani anaondoka na theluthi ya malaika. Vinafuata vita vya siku tatu katika kitabu cha sita, kisha kuanguka kwa siku tisa. Ndipo ulimwengu unaumbwa, kitabu cha saba. Kitabu cha kwanza, pale Shetani anapofumbua macho kwenye ziwa la moto, ni baada ya hayo yote.

Barazani kwangu wanakaa vijana Waislamu na Wakristo, na hapa ndipo mjadala huwaka, kwa hiyo nalieleza mapema. Msomaji aliyelelewa na Qur'ani anamjua Iblis aliyekataa kumsujudia Adamu, akasema yeye kaumbwa kwa moto na huyu kwa udongo. Huyo si Shetani wa Milton. Shetani wa Milton aliasi kabla mtu hajaumbwa, na kilichomchoma ni kutukuzwa kwa Mwana. Adamu kwake ni njia tu ya kumuumiza Mungu. Tena, katika Qur'ani Adamu na mkewe wanateleza pamoja na kutubu pamoja, lakini Milton anafuata Mwanzo sura ya 3, ambapo mwanamke anakula kwanza. Na msomaji wa Biblia naye asijione yuko salama: Mwanzo haisemi popote kwamba yule nyoka alikuwa Shetani. Sura moja fupi ndiyo Milton aliyoijengea nyumba yote hii. Kila unapokuta jambo, jiulize limetoka kwenye maandiko au limetoka kwa Milton. Sehemu kubwa ya kazi ya kuusoma utenzi huu ni hiyo.

Tuje kwa wahusika. Tenga ukurasa wa daftari kwa kila mmoja na uugawe safu mbili: anachosema na anachofanya. Kwa Shetani ongeza safu ya tatu, mwili wake.

Safu ya kwanza itajaa haraka. Ndiye anayesema afadhali kutawala Jehanamu kuliko kutumika mbinguni, na kwamba akili inaweza kuigeuza Jehanamu kuwa pepo na pepo kuwa Jehanamu. Maneno mazito, na Milton amempa kwa makusudi, kwa sababu kishawishi kisichoshawishi hakina maana. Mshairi William Blake alifika kusema Milton alikuwa wa chama cha Shetani bila kujua. Ila soma kitabu cha nne, Shetani akiwa peke yake juu ya mlima Nifate, hana wa kumpigia makofi. Anakiri kwamba Mungu hakustahili kutendewa vile, kwamba utumishi wenyewe haukuwa mgumu, na kwamba popote atakapokimbilia ni Jehanamu, kwa sababu Jehanamu ni yeye mwenyewe. Weka kauli hiyo kando ya ile ya kitabu cha kwanza. Aliyejigamba kwamba akili inajitengenezea pepo popote anagundua kwamba akili yake ndiyo moto wake.

Baadaye kidogo anawaona Adamu na Hawa kwa mara ya kwanza. Anasema angeweza kuwapenda. Kisha anajieleza kwamba sababu za kitaifa, heshima na himaya, ndizo zinamlazimisha kuwadhuru watu ambao hawajamkosea. Na msimulizi anaongeza hapohapo kwamba kujitetea kwa ulazima ni kisingizio cha madhalimu. Mstari huo uutie alama. Milton alifanya kazi serikalini, alijua watawala wanavyozungumza.

Safu ya mwili ndiyo itakayokuonyesha zaidi. Katika kitabu cha kwanza amelala ziwani akiwa mkubwa kupita kiasi, na ngao yake inalinganishwa na mwezi unaotazamwa kwa darubini ya Galileo, ambaye Milton mwenyewe alipata kumtembelea Italia. Kitabu cha tatu anajigeuza malaika kijana ili amdanganye Urieli, mlinzi wa jua. Cha nne anatua juu ya Mti wa Uzima akiwa ndege mnandi, kisha anakuwa simba, kisha chui milia, na usiku anakutwa amechutama kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala. Cha tisa anaingia bustanini akiwa ukungu, anapenya mdomoni mwa nyoka, na analalamika mwenyewe kwamba ameshuka mno. Cha kumi anarudi Jehanamu na habari za ushindi, anamaliza hotuba, anangoja shangwe, na anachosikia ni mlio wa nyoka kila upande. Wote wamegeuka nyoka, na yeye pia. Matunda wanayoyavamia yanakuwa majivu mdomoni. Anayesema Shetani ni shujaa anatakiwa aieleze safu hiyo.

Baraza la kitabu cha pili lisomeni kwa kugawana sauti, mtu mmoja kwa kila msemaji. Moloch anataka vita tena. Belial, mwenye ulimi mtamu, anataka watulie wasije wakaongezewa adhabu. Mammon anasema tujenge hapahapa, madini yapo. Wajumbe wanampigia makofi Mammon. Ndipo Beelzebub anasimama na wazo la kuiharibu dunia mpya, na msimulizi ananong'ona kwamba wazo hilo Shetani ndiye aliyelitoa tangu mwanzo. Kikao kilikuwa kimeshaamuliwa. Nani aende? Kimya. Shetani anajitolea, na papo hapo anainuka asije mwingine akajitolea baada yake na kugawana naye sifa.

Shika huo ukimya, halafu fungua kitabu cha tatu. Mbinguni Baba anauliza nani yuko tayari kufa kwa ajili ya mtu. Kimya vilevile, jeshi zima la malaika limesimama halina neno. Mwana anasema: nitazame mimi, mimi badala yake, uhai kwa uhai, hasira yako iniangukie mimi. Vikao viwili, vimya viwili, waliojitolea wawili. Mmoja anakwenda kuua na kupata kiti cha enzi imara zaidi, mwingine anakwenda kufa. Milton haelezi ulinganisho huo, amevipanga tu vitabu viwili jirani na kukuachia.

Baba mwenyewe huwashinda wasomaji. Anaongea kwa ukavu, bila tamathali, karibu kama anasoma hukumu. Usimruke kwa sababu hiyo, kwani kiini cha utenzi kimo katika hotuba yake ya kwanza: alimuumba mtu akiwa na nguvu za kutosha kusimama, na akiwa huru kuanguka. Kujua kwake mapema kwamba wataanguka hakukuwasukuma. Kama wangemtii kwa kulazimika, utii huo ungempa furaha gani? Isome mara mbili. Milton anasema mwanzoni kwamba anataka kuwathibitishia wanadamu kwamba njia za Mungu ni za haki, na hoja yake yote imesimama kwenye hiari. Kama hoja hiyo inakuridhisha au la, ni lazima uijue kabla ya kubishana nayo. Mfano wake hai ni malaika Abdieli katika kitabu cha tano, aliyekuwa kambini kwa Shetani, akasimama peke yake mbele ya maelfu na kusema hapana, akaondoka huku wakimzomea. Vitani siku ya pili, pamoja na mizinga waliyoibuni waasi, unaweza kupita haraka. Abdieli usimpite.

Dhambi na Mauti, wale wawili wanaolinda lango la Jehanamu, wanawatisha wasomaji wapya: Dhambi katoka kichwani mwa Shetani, akazaa naye mtoto, Mauti. Fungua Waraka wa Yakobo 1:15, unaosema tamaa ikishika mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Milton ameuchukua mstari huo na kuupa nyama na mifupa.

Sasa Adamu na Hawa, na hapa nasimama kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ndiko nilikokuwa nakupeleka.

Kuna mstari katika kitabu cha nne unaosema mwanamume aliumbwa kwa ajili ya Mungu tu, na mwanamke kwa ajili ya Mungu aliye ndani ya mwanamume. Mimi ni mwanamke, ninausoma mstari huo kwa uchungu kila unapofika, na siwaambii wanafunzi wangu kwamba maana yake ni nyingine. Maana yake ni hiyo. Ninachowaambia ni kwamba Milton mtunzi anamwona Hawa vizuri kuliko Milton mtoa kanuni. Fuata mwenendo wake utaona.

Katika kitabu cha tisa ni Hawa anayependekeza wagawane kazi: bustani inakua haraka kuliko mikono yao miwili-miwili inavyoweza kupogoa. Hoja yake ni ya kazi, na ni ya busara. Adamu anaogopa adui, wanabishana kwa adabu, Adamu anakubali: nenda, kwa maana ukibaki bila kupenda utakuwa mbali zaidi. Hiari tena. Nyoka anamjia akiongea, naye anashangaa na kuuliza umepataje kusema. Jibu la nyoka ndilo mtego wenyewe: nilikula tunda, sikufa, nikapanda kutoka mnyama kufikia akili ya mtu, basi wewe utapanda kutoka mtu kufikia uungu. Hoja inakwenda hatua kwa hatua na kila hatua inaonekana nzima. Tafuta palipooza, yaani hatua isiyo ya kweli. Palipooza ni mwanzo: nyoka hakula chochote.

Akishakula, Hawa anaanza kuhesabu. Je, amfiche Adamu, ili angalau awe sawa naye, labda hata amzidi? Kisha wazo linamjia: nikifa, ataumbiwa Hawa mwingine, na atafurahi naye. Hapo ndipo anaamua Adamu naye ale. Wivu wa mke ambaye hakuna mwanamke mwingine duniani! Kabla ya kuondoka anauinamia ule mti kwa heshima. Adamu anamngoja na shada la maua alilomsukia. Anapoambiwa, shada linamponyoka mkononi na waridi zote zinapukutika, zimeshanyauka. Anakula akijua, hakudanganywa. Anakula kwa sababu hataki kuishi bila yeye.

Mapenzi hayo hayadumu hata siku moja. Mbele ya Mwana aliyekuja kuhukumu, Adamu anamtaja Hawa kama mwanamke uliyenipa wewe. Usiku anagaagaa chini akiuliza, je, mimi nilikuomba, Muumba, unifinyange kutoka udongoni? Hawa anamsogelea. Anamfukuza: ondoka mbele yangu, wewe nyoka. Hawa hajibu tusi. Anaanguka miguuni pake, anaishika, anaomba amani, na anasema atarudi mahali pa hukumu aombe kwamba adhabu yote itoke kichwani pa Adamu imwangukie yeye, mimi, mimi peke yangu. Rudi sasa kitabu cha tatu, usome tena maneno ya Mwana: iniangukie mimi. Ni maneno yaleyale. Katika dunia iliyoanguka, mtu wa kwanza kusema kama Mwana ni Hawa, na anasema bila kujua kuna aliyeyasema kabla yake. Kuanzia hapo hasira ya Adamu inalegea, wanazungumza, wanakwenda pamoja kuomba toba.

Hayo ndiyo niliyotaka uyaone. Wewe ukiandika insha, usiandike "dhamira ya utii" halafu ukaorodhesha. Chukua kitu kimoja kidogo na ukifuate. Mfano ninaoupenda kuwapa ni mikono. Kitabu cha nne wanapita bustanini mkono kwa mkono. Cha tisa, wanapoachana kwenda kazini, Hawa anautoa mkono wake polepole kutoka mkononi mwa mumewe. Mkono huohuo unanyoosha kuchuma tunda. Baada ya kula wote wawili, Adamu anaukamata mkono wake, na kitenzi sasa ni cha kunyakua, si cha kushikana. Kitabu cha kumi na mbili Mikaeli anawashika mmoja huku na mmoja huku awaharakishe watoke, kisha, malaika akishaondoka, wanashikana tena wenyewe. Aya tano za insha hizo hapo, na kila moja ina ushahidi wake kwenye maandishi.

Unaweza kuufuata utawala kwa njia hiyohiyo. Watu huuliza, mtu aliyetetea kuuawa kwa mfalme anawezaje kuwalaani waasi? Tazama ni nani anayekaa kwenye kiti cha kifalme chenye fahari: mwanzo wa kitabu cha pili, ni Shetani. Na katika kitabu cha kumi na mbili Adamu anapooneshwa mtawala wa kwanza anayewatiisha wenzake, anamlaani, anasema Mungu hakumfanya mtu kuwa bwana wa watu. Kwa Milton, mfalme wa kibinadamu ndiye mwasi.

Sisi wa pwani tuna jambo letu humu, na wachache wanalijua. Katika kitabu cha kumi na moja Mikaeli anampandisha Adamu kilimani na kumfungua macho aone falme zitakazokuja. Zimo Mombasa, Kilwa na Malindi, kwa tahajia ya wakati ule, na Sofala, ambayo anasema ilidhaniwa kuwa Ofiri, kule kulikotoka dhahabu ya Sulemani. Utenzi ulipochapwa Wareno walikuwa bado wamo Ngome ya Yesu, hawakutolewa Mombasa mpaka 1698. Na kitabu cha nne, Shetani anapokaribia Edeni na kunusa harufu yake, Milton anamfananisha na mabaharia waliokwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuipita Msumbiji, upepo wa kaskazini-mashariki ukawaletea manukato ya Uarabuni. Upepo huo ni kaskazi yetu. Majina hayo hayana hadithi, ni orodha tu ya mtu aliyesoma ramani akiwa bado anaona. Vijana wangu hata hivyo hunyanyua vichwa wanapoyasikia, na baada ya hapo hawaniulizi tena kwa nini tunasoma kitabu cha Mwingereza.

Ukimaliza, Milton alitoa Paradise Regained mwaka 1671, vitabu vinne tu, Shetani na Yesu wakibishana jangwani. Uanze wiki hiyohiyo, wakati namna Shetani anavyojenga hoja bado iko sikioni mwako, na kwa kila anachotoa, mkate, falme, elimu ya Wagiriki, tafuta palipooza kama ulivyotafuta kwa nyoka.